Maswali na majibu: Upepo wa baharini na hezi 50 za gridi

Jioni umeme wetu unakuwa mdogo, mota ya mashine ya kusaga inanguruma bila kuzunguka. Ndiyo masafa kushuka, kama inavyosemwa kuwa mitambo ya upepo huyadhoofisha? (Mafinga)

Hapana. Hiyo ni volti, nayo ni shida ya mtaa wenu: transfoma imeelemewa, au waya ni mwembamba na mrefu mno. Masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde inayopimwa kwa hezi, ni ya gridi nzima. Yakiwa hezi 50 Mafinga, ni hezi 50 Mwanza. Peleka taarifa ofisi ya umeme ya wilaya.

Shikamoo mwalimu. Nasoma umeme chuoni Mbeya. Mitambo ya upepo ya baharini nayo inazunguka, kwa nini isemwe inadhoofisha masafa?

Marahaba. Itazame mashine ya kusaga ya dizeli, ile yenye gurudumu zito la chuma ubavuni. Mahindi yakimiminwa debe zima kwa mkupuo, injini inazama kidogo lakini haizimi, kwa sababu mzunguko wa gurudumu unaibeba hadi gavana, kile kidhibiti mwendo cha injini, iongeze mafuta. Mitambo ya umeme wa maji ya Mtera, Kidatu na Kihansi iko hivyohivyo. Rota zao nzito, zile sehemu zinazozunguka ndani ya jenereta, zimefungamana na gridi. Matumizi yakizidi uzalishaji, zote zinapungua mwendo pamoja na hapohapo zinatoa nguvu zilizobeba, kabla kompyuta yoyote haijaamua lolote.

Mtambo wa upepo una mapanga makubwa, ila kati yake na gridi kuna konveta ya kielektroniki, kifaa kinachobadili umeme wa mtambo uendane na wa gridi. Hiyo inaruhusu mapanga yafuate kasi ya upepo, na papo hapo inayatenga na masafa. Shamba likiwa mbali sana baharini, umeme huletwa kwa kebo ya mkondo mnyoofu (DC, usiobadili mwelekeo), na hapo mitambo haihisi kabisa masafa ya nchi kavu mpaka konveta za pwani zipangwe kuifikishia habari.

Dawa yake ni nini? (msomaji huyohuyo)

Ya kwanza ni kuiamuru konveta ivute nguvu ya mzunguko wa mapanga kwa sekunde chache masafa yanaposhuka. Québec, Kanada, inayadai mashamba yake ya upepo yafanye hivyo. Lakini ni mkopo: mapanga yakishapunguza mwendo, mtambo hutoa pungufu hadi yaurudishe, na masafa yanaweza kushuka mara ya pili. Ya pili ni kuzalisha chini ya uwezo ili ibaki akiba, na hakuna mwekezaji atakayeacha mapato hayo bila kulipwa au kulazimishwa. Betri ndiyo ya tatu, nayo hujibu haraka mno. Masafa yakipanda kazi ni nyepesi, unageuza mapanga tu yasishike upepo.

Masafa kushuka kumewahi kuleta madhara kweli? (Iringa mjini)

Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019. Radi ilipiga njia ya umeme, na karibu wakati mmoja zikapungua megawati nyingi za shamba la baharini la Hornsea na kituo cha gesi cha Little Barford. Masafa yakashuka hadi hezi 48.8, mitambo ya kinga ikakata wateja zaidi ya milioni moja. Umeme ulirudi chini ya saa moja, lakini baadhi ya treni zilikuwa zimejifunga zenyewe, na mafundi wakalazimika kuzifuata njiani kuziwasha. Upepo haukupungua siku ile. Mfumo wa kudhibiti mitambo ya Hornsea ndio ulioyumba, ukarekebishwa mara moja.

Sisi hatuna bahari. Linatuhusu nini? (Makambako)

Linawahusu sana, maana upepo wa Makambako umepimwa na kuzungumzwa kwa miaka, na mitambo ya Mwenga kule Mufindi tayari inazunguka. Konveta ni zilezile. Halafu turbini moja ya Bwawa la Julius Nyerere ina megawati 235. Ikichomoka ghafla, gridi yetu inahitaji kila mtambo usaidie. Ningetaka masharti ya kusaidia masafa yaandikwe kwenye mkataba kabla nguzo ya kwanza haijasimama, kwa sababu kuyadai baadaye ni kesi na gharama. Kwa upande wa pili, bahati yetu ni maji: upepo ukivuma, Mtera inaweza kupunguza maji inayoyapitisha, ikayatunza kwa ajili ya kiangazi.