Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Jumapili moja nilisimama mbele ya kanisa nikamshukuru Mungu kwa ujauzito ambao mimi na mume wangu tulikuwa tumeungojea kwa miaka 7. Watu walishangilia, mchungaji akatuombea, na nikarudi kitini nikiwa nimelowa machozi ya furaha. Wiki 3 baadaye mimba ile iliharibika. Uchungu wake anaujua kila aliyeupitia, nami sitauongeza kwa maneno. Jambo ambalo hakuna aliyeniandaa kulikabili ni aibu ya ule ushuhuda, kwa maana nilijiona kama mtu aliyemsemea Mungu neno ambalo Yeye mwenyewe hakulitamka.

Namwandikia mwenzangu aliye mahali kama pale nilipokuwa, iwe kilichomfikisha hapo ni ndoa iliyovunjika, kazi iliyopotea au ugonjwa usiosikia dawa wala maombi. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usijilazimishe kushukuru kwa sababu tu watu wanakutazama. Najua tumeagizwa kushukuru kwa kila jambo, na sina ubishi na Maandiko. Lakini shukrani inayotolewa ili waumini wenzetu wasituone tumerudi nyuma ni maneno tunayoambiana sisi kwa sisi, na Mungu hayumo katika mazungumzo hayo.

Wengi walionitembelea waliniambia, “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.” Walisema kwa upendo, wala siwalaumu. Hata hivyo, nilipokifungua kitabu cha Ayubu niliona jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani: maneno hayo yalitoka kinywani mwa mfiwa mwenyewe, hayakutoka kwa wageni wake. Rafiki zake walipofika waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na kwa maoni yangu hilo ndilo jema kuliko yote waliyomtendea. Walipofumbua vinywa walianza kumtetea Mungu, sura baada ya sura, ilhali Ayubu alilalamika, akahoji, akadai kusikilizwa. Mwishoni kabisa, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia watetezi wake na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Niliusoma mstari huo mara tatu, nikafunga mlango, nikamwambia Mungu yale niliyokuwa nikiyameza kwa miezi miwili. Hayakuwa maombi mazuri ya kusikiliza, ila yalikuwa ya kweli.

Ukikosa maneno, azima ya wengine. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kuwa sifa kabla hazijafika mwisho, lakini ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na inafungwa kwa giza. Waliokusanya zaburi hawakuona haya kuiacha hivyo, na waumini wameisali hivyo kwa karne nyingi.

Kadi moja niliyopewa siku zile ilikuwa na Yeremia 29:11, mstari wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, ambao sote tunaupenda. Niliiweka dirishani, na kila nilipoiona moyo uliniuma, mpaka siku nilipoamua kusoma barua nzima ya nabii Yeremia ambamo mstari huo umo. Iliandikiwa watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli, na mstari unaotangulia huo unawaambia kwamba watangoja miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua kwamba huenda angekufa kabla ya kuiona nchi yake tena. Katika sura iliyotangulia, nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba ndani ya miaka 2 nira ya mfalme wa Babeli itakuwa imevunjwa, na Yeremia akamwambia wazi kuwa Bwana hakumtuma. Hapo nilijitambua. Mungu hakuwa amenivunjia ahadi yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa Hanania wa nafsi yangu, nikimpangia tarehe.

Barua hiyohiyo inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na wale matunda yake, maana yake waishi hapohapo wasipopataka. Kwangu bustani ilikuwa jambo dogo sana. Sikuweza kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili bila kutokwa machozi, basi niliomba nipumzishwe, nikapewa kazi ya kupanga viti kabla ya ibada. Kwa karibu mwaka mzima nilihudumu hivyo, na nyimbo zilipoanza mara nyingi nilinyamaza nikaacha wengine waimbe kwa niaba yangu. Usiache kukusanyika na wenzako, lakini usione vibaya kuomba huduma unayoiweza. Na ukikosa usingizi wiki hata wiki, mwone daktari au mshauri. Uchovu wa namna hiyo ni maradhi, si dhambi ya kuungama.

Tafuta pia mtu mmoja anayejua kunyamaza. Mimi nilipata bibi mmoja wa kanisani kwetu. Alinikuta nimekaa mbele ya nguo za mtoto tulizokuwa tumekwisha kununua, akaketi, akachukua fulana moja ndogo akaikunja, kisha nyingine, mpaka zote zikaingia kwenye sanduku. Hakunitajia hata mstari mmoja.

Hadi leo hatujapata mtoto. Mwaka jana mchungaji aliniuliza kama ningekuwa tayari kutoa ushuhuda tena, nami nilimjibu kwamba niko tayari iwapo nitaruhusiwa kueleza mambo yalivyo. Nilieleza, nikasoma Zaburi ya 88 mpaka neno lake la mwisho, nikafunga Biblia. Hakuna aliyeshangilia. Niliporudi, yule bibi alikuwa amesogea kidogo kwenye benchi ili nikae karibu naye.