Huyu Raul wanayemlilia Wabrazil ni nani?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi napenda sana vitabu vya Paulo Coelho, sasa juzi kuna mtu kaniambia eti kabla ya vitabu alikuwa anatunga nyimbo za roki, nikabisha mpaka tukanuniana. Halafu nikaangalia shoo ya bendi moja ya Brazil, watu wanapiga kelele "Toca Raul! Toca Raul!" na kwenye bendi yenyewe hamna Raul. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo uliyenuniana naye nenda mkayamalize, kasema kweli, na maswali yako yote mawili jibu lake ni mtu mmoja, Raul Seixas, mwanamuziki wa roki wa Brazil.

Raul kazaliwa 1945 Salvador, kule Bahia, na utotoni alichizika na Elvis Presley, yule mwimbaji wa roki wa Marekani, mpaka yeye na mwenzie wakaanzisha klabu ya mafani. Bendi yake ya kwanza, Raulzito e os Panteras, ikatoa albamu 1968, haikununuliwa kabisa, akaja kupata kazi ya uprodyuza kampuni ya muziki ya CBS kule Rio de Janeiro, anawatengenezea wengine nyimbo.

Mambo yakageuka 1972, akapanda jukwaani kwenye tamasha kubwa la nyimbo Rio na wimbo ambao nusu ni roki ya Elvis nusu ni baião, ule mdundo wa kaskazini mashariki mwa Brazil aliousambaza Luiz Gonzaga na kodiani lake. Kwangu mimi siri yake yote iko hapo, hakuichukua roki kama nguo ya kuazima, aliikuta ina undugu na ngoma ya kwao.

Mwaka uliofuata ikatoka albamu yake Krig-ha, Bandolo! na humo kuna wimbo Ouro de Tolo ambao nikiusikia mpaka leo naacha ninachofanya. Kumbuka ni enzi ya utawala wa kijeshi, serikali inajisifia uchumi unapaa, sasa yeye anaimba kama mtu anaongea tu, anajihesabia: nina kazi, mshahara cruzeiro (pesa ya Brazil ya enzi hizo) 4,000 kwa mwezi, nimenunua gari Corcel ya 73, Jumapili naenda na familia zoo kuwapa nyani bisi, ilitakiwa niwe na furaha, na furaha yenyewe haipo. Hajamtaja jenerali hata mmoja ila ukikijua kipindi kile unaelewa anaongea na nani.

Coelho sasa. Wametunga pamoja nyimbo kadhaa za albamu hiyo na nyingi za albamu ya Gita ya 1974, ndo iliyomfanya Raul awe mkubwa kweli. Walikuwa wanahubiri kitu wanaita Sociedade Alternativa, yaani jamii ambayo kila mtu anafanya analotaka, na wanajeshi hilo hawakulipenda hata kidogo, Coelho akakamatwa 1974 na kuteswa, mwaka huohuo wote wawili wakaenda Marekani kwa muda. Kwa hiyo ukisoma vile vitabu vyake ujue kalamu ile ilishaonja moto kabla.

Miaka ya 80 inaniuma kuisimulia. Pombe, kisukari, afya inateremka. Mwishoni Marcelo Nova, mwanamuziki mdogo kwake naye wa Bahia, akamshika mkono, wakazunguka Brazil shoo kama 50 hivi, wakarekodi albamu A Panela do Diabo, ikatoka siku chache tu kabla Raul hajafariki São Paulo tarehe 21 Agosti 1989, miaka 44. Mpaka leo kila tarehe hiyo mafani wanaandamana katikati ya São Paulo wakiimba, wengine wamevaa miwani myeusi na ndevu za bandia kama zake.

Na "Toca Raul" ni "tupigie za Raul", bwana. Wanaipiga kelele kwenye shoo ya mtu yeyote yule, awe wa roki au samba au kijana na gitaa lake baa, na mara nyingi mpigaji anakubali, anapiga mmoja, na ukumbi mzima unaujua.