Je, Sandra alimuua mumewe?

SWALI: Shikamoo. Mimi na dada yangu tumetazama Anatomy of a Fall (2023) ya Justine Triet, tukaishia kununiana. Yeye anashikilia kwamba Sandra alimsukuma mumewe kutoka juu. Mimi nasema mume alijirusha. Mahakama inamwachia huru, lakini filamu haisemi kilichotokea. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna jibu lililofichwa humo. Hata Sandra Hüller, anayemwigiza huyo Sandra, aliigiza bila mwongozaji kumwambia kama mhusika wake ana hatia. Ndiyo maana uigizaji wake umenikaa moyoni: haombi huruma yetu hata mara moja.

Rudieni ile rekodi ya ugomvi wao inayosikilizwa mahakamani. Kwanza tunawaona mke na mume jikoni, sauti zikipanda. Mambo yanapofikia kupigana, picha inakatika, tunarudishwa mahakamani na kubaki na vishindo tu. Nani kampiga nani? Tunayo maelezo ya Sandra, basi. Hapo Triet ametukalisha kwenye kiti cha mtoto wao, Daniel, mwenye uoni hafifu, anayelazimika kuchagua la kuamini. Milo Machado-Graner, aliyemwigiza, kwangu ndiye nguzo ya filamu, kumpita hata Hüller.

Mwishoni Sandra anajilaza, na mbwa anakuja kulala naye. Wengine wanasema mbwa hawezi kumfuata muuaji. Sikubali, mbwa si shahidi. Nilichokiona usoni pale ni uchovu mtupu. Muulize dada yako yeye aliona nini.