Uliza Mzimamoto: Kwa nini waliufunga mlango?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu majengo ya ghorofa mbili, tatu au nne: yale yasiyo na lifti, yenye ngazi moja ya pamoja katikati na paa moja refu juu ya wote. Nimezima moto kwenye majengo ya aina hiyo kwa miaka 27, mingi kati ya hiyo nikiwa kiongozi wa zamu. Jengo refu huwatia watu hofu, kwa hiyo hujengwa na kukaguliwa kwa uangalifu. Haya mafupi hudharauliwa, na nimezika wenzangu kwa sababu ya dharau hiyo.

*

SWALI: Moto ulianza kwenye nyumba ya ghorofa ya kwanza, nami naishi ya tatu. Zimamoto walipofika, askari wawili walipanda hadi kwenye mlango wa nyumba inayoungua, wakauvuta ukafungika, wakapiga magoti pale na mpira wao wa maji. Hawakuingia. Walikaa kama dakika nzima, majirani wakipiga kelele kwamba askari wanaogopa. Nilipotaka kushuka nikaambiwa nirudi ndani nifunge mlango wangu. Mpaka leo sijaelewa. – *Mpangaji wa ghorofa ya tatu*

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa usiku ule. Dakika ile waliyopiga magoti ndiyo iliyokulinda wewe uliyekuwa juu.

Fikiria kilichokuwa nyuma ya mlango ule. Chumba chenye makochi ya sponji, godoro, mapazia na zulia la nyuzi za plastiki hakiungui kama vyumba vya zamani. Taasisi ya UL ya Marekani, inayopima usalama wa vitu, iliwahi kuchoma vyumba viwili vinavyolingana ukubwa, kimoja chenye samani za kizamani za mbao na pamba, kingine chenye samani za siku hizi. Cha siku hizi kilishika moto chote, sakafu hadi dari, kabla dakika 4 hazijaisha. Kile kingine kilichukua karibu dakika 30. Moto wa siku hizi una njaa kubwa ya hewa. Hewa ya ndani ikiisha hufifia na kufukuta, huku chumba kikijaa moshi mzito mweusi, na moshi huo wenyewe ni kuni zinazongoja hewa. Ukifungua mlango bila maji mkononi, moto huinuka upya baada ya muda mfupi sana, na pa kutokea ni hapo hapo uliposimama, kisha ngazini. Ngazi yenu siku hiyo ingegeuka dohani.

Kwa hiyo tunangoja maji. Mpira usio na maji hulala ngazini bapa kama utepe. Dereva akifungulia, unavimba, unanyanyuka, unajisokota kwenye kila kona, na mahali ulipojikunja maji hayapiti ya kutosha. Yupo askari ambaye kazi yake yote ni kupita kona kwa kona akiunyoosha kwa mikono na magoti. Yule wa mbele hufungua kidogo nozeli, yaani mdomo wa mpira, kutoa hewa, hutazama kama maji yanatoka kwa nguvu, hukaza barakoa yake, ndipo anaagiza mlango ufunguliwe. Na hata wakishaingia, mmoja hubaki mlangoni akiushikilia usifunguke zaidi ya upana wa mpira. Raia humwona huyo wakadhani amekwepa kazi, kumbe ndiye amebeba roho za wote waliobaki juu.

Kurudishwa ndani nako kulikuwa sahihi. Ngazi ikiwa safi, shuka mapema, na ukitoka uvute mlango wako. Ngazi ikiwa imeingia moshi na moto hauko kwako, nyumba yako yenye mlango uliofungwa ni salama kuliko hatua 30 za kushuka gizani ndani ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi. Ziba chini ya mlango kwa kitambaa kilicholowa, nenda dirishani, uonekane. Januari 2022, mtaa wa Bronx jijini New York, watu 17 walikufa katika jengo ambalo moto wenyewe haukwenda mbali na nyumba ulipoanzia. Jengo lile ni refu, la ghorofa 19, lakini somo ni lile lile hata kwenye ghorofa tatu: mlango wa nyumba iliyoungua ulibaki wazi, na moshi ukapanda ngazi kuwafuata watu waliokuwa mbali na moto.

*

SWALI: Mwalimu, chuoni nilifundishwa kwamba ukipiga maji kutokea nje unausukuma moto kwa watu walio ndani. Kituoni nilikopangiwa, kiongozi wangu anataka tupige dirishani kwanza ndipo tuingie. Nimfuate nani? – *Mzimamoto wa mwaka wa kwanza*

JIBU: Mfuate kiongozi wako, mwanangu, lakini ijue sababu, maana jambo hili likifanywa ovyo linaumiza watu kweli.

Nami nilifundishwa hivyo hivyo, na nikawafundisha wengine kwa miaka mingi. Mwaka 2012 zimamoto ya New York, pamoja na UL na NIST, taasisi ya serikali ya Marekani ya vipimo na viwango, walichoma nyumba zilizokuwa zikingoja kubomolewa katika kisiwa cha Governors Island, wakiwa wamezijaza vipima joto. Maji yalipopigwa vizuri kupitia dirisha, joto lilishuka hadi kwenye vyumba ambavyo maji hayakufika. Kinachoendesha moto ni hewa. Nozeli ikiwekwa kwenye mnyunyizo mpana kama mwavuli, huburuta hewa nyingi kuingia nayo, tena huziba lile dirisha ambalo joto lilikuwa linatokea. Hapo ndipo wazee wetu walipoona moto "ukisukumwa", na macho yao hayakuwadanganya.

Basi weka nozeli kwenye mkondo mnyoofu. Sogea karibu na ukuta, elekeza juu kwa mwinuko mkali kupitia dirisha linalotoa moto, upige dari. Maji yagonge dari yatawanyike yenyewe kama mvua. Usizungushe mkono. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua nafasi ya takriban lita 1,700, na mvuke huo lazima upate pa kutokea. Ukiliziba dirisha, mvuke utarudi ndani kutafuta njia kwenye korido ambako huenda kuna mtu amelala chini. Nusu dakika yatosha, mara nyingi hata pungufu. Funga maji, ingia ndani ukamalize, maana moto uliopigwa dirishani umepoa tu na utainuka tena ukiuacha.

Na dirisha hilo liwe njiani kwako. Ikiwa ili kulifikia itakubidi ulizunguke jengo lote, na mlango uko mbele yako, na ngazini kuna watu, mpira wa kwanza uende ngazini.

*

SWALI: Mimi ni fundi wa mapaa. Kenchi za siku hizi, za mbao nyembamba zilizoungwa kwa vibati vya meno, zimepigiwa hesabu na wahandisi na zinabeba mzigo bila shida. Kwa nini ninyi zimamoto mnazisema vibaya? Nafikiria pia kuhamia mapau ya chuma. – *Fundi*

JIBU: Fundi, hesabu zako ni sahihi, na hakuna anayedai kwamba paa lako litaanguka kwa upepo. Hesabu hizo ni za paa lisiloungua.

Mbao ikiungua hugeuka mkaa kwa mwendo wa takriban milimita 0.65 kila dakika. Boriti nene ya zamani ina nyama ya kuliwa. Moto utaitafuna kitambo na bado katikati pabaki pazima. Mbao nyembamba haina cha kupoteza. Na kile kibati, meno yake huzama kama sentimita moja tu. Chuma hupokea joto upesi na kulipeleka ndani ya mbao kupitia meno yale yale yanayoishika. Mbao inayozunguka jino ikishakuwa mkaa, jino halishiki kitu. Kenchi nayo ni kama mnyororo, kiungo kimoja kikiachia, mzigo humrukia jirani, na jirani naye yumo motoni.

Nikueleze usiku mmoja. Jengo la ghorofa tatu, familia 12, paa moja. Moto ulianzia roshani ya juu, kwenye chungu cha maua ambamo mtu alikuwa amezimia sigara mchana. Udongo wa maua wa mifuko mara nyingi huwa na mabaki makavu ya mimea, na ukikauka hufukuta saa nyingi kimya kimya. Tulipofika roshani ilikuwa inawaka, lakini sebule nyuma yake ilikuwa safi, picha bado zimening'inia ukutani. Nikaona ni kazi ya dakika 10. Tukapita sebuleni, tukaizima roshani.

Sikutazama juu. Chini ya ukingo wa paa kulikuwa na mbao zenye matundu ya kupitisha hewa, na ndimi za moto zilikuwa zimeshapenya humo wakati tunapanda ngazi. Tulikuwa tumeanza kukunja mpira, kijana mmoja wa zamu yangu akaniambia, "Kiongozi, sikiliza." Juu ya dari kulikuwa na mlio mdogo wa mfululizo, kama mbuzi anayetafuna majani makavu. Nikachukua mti wa ndoano nikatoboa dari juu ya mlango wa kuingilia. Tundu la ukubwa wa sahani lilitosha kunionyesha paa zima likiwaka, kushoto mpaka kulia, juu ya nyumba zote 12. Kilichonikaa akilini ni vibati. Vilikuwa vinadondoka kupitia tundu lile, kimoja baada ya kingine, na kwenye kila jino kulikuwa na kijiti cha mkaa. Nikaamuru tutoke. Wa mwisho wetu alikuwa bado ngazini dari ya sebule iliposhuka yote.

Hakuna aliyeumia. Familia 12 zilipoteza nyumba, na kosa lile ni langu: tundu moja la dari nilipoingia lingenionyesha moto ukiwa bado juu ya chumba kimoja. Tangu hapo, kwenye ghorofa ya juu kabisa, sikumruhusu mtu kupita mlango kabla dari ya pale mlangoni haijatobolewa, tukiwa hatua mbili tu kutoka ngazini. Na moto ukishaingia darini, tuliutangulia: tulitoboa dari ya nyumba ambayo bado ni nzima na kuungoja na maji, kwa kuwa ukiufuata nyuma unafika kila mara umechelewa.

Sasa ninachokuomba. Unapojenga paa la pamoja, pandisha kuta zinazogawa nyumba hadi chini kabisa ya paa, au angalau weka vizuizi vya jipsamu darini kati ya nyumba na nyumba. Jipsamu ni zuri kwa kazi hiyo: takriban sehemu ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani, na moto lazima uyachemshe yote kabla haujapita. Lakini fundi bomba na fundi umeme wakija nyuma yako wakatoboa tundu la kupitisha mkono mzima kwa ajili ya waya mmoja, kizuizi chako kimekwisha. Rudi ukazibe. Matundu ya mabomba nyuma ya jiko na choo ndiyo njia ambazo moto hupanda nazo ghorofa hadi ghorofa bila kuonekana. Nimewahi kuzima moto wa jikoni chini, nikakuta ukuta wa bafu ghorofa mbili juu yake umepauka rangi na hausogeleki kwa joto.

Umetaja pia kwamba unafikiria kuhamia mapau ya chuma. Sawa, ila yafunike. Chuma kisichofunikwa kikifika nyuzi 600 hubaki na takriban nusu ya nguvu zake, na kabla ya hapo hurefuka: pau la mita 10 likifika nyuzi 500 huongezeka zaidi ya sentimita 6, yatosha kuusukuma ukuta unaolishikilia ukamwangukia aliye nje.

*

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, anaogopa giza, kwa hiyo analala mlango wazi. Mimi pia napenda nimsikie. Dada yangu anasema zimamoto wanashauri mlango ufungwe usiku. Ni kweli? – *Mama wa mmoja*

JIBU: Ni kweli, mama. Katika majaribio ya UL, chumba kilichofungwa mlango kilibaki chini ya nyuzi 40, na kile kilichoachwa wazi kwenye korido hiyo hiyo kilipita nyuzi 500. Mlango wa kawaida kabisa, hata ule mwepesi wenye uwazi ndani, hukupa dakika kadhaa ambazo hakuna kingine nyumbani kinachoweza kukupa.

Usifunge kwa ufunguo. Weka kitambuzi cha moshi ndani ya chumba chake na kingine koridoni, kwa sababu moshi haumwamshi aliyelala, unamlaza zaidi. Kama dirisha lina nondo, sehemu moja iwe na bawaba na ifunguke kwa ndani bila kutafuta ufunguo. Wewe ukiamshwa na king'ora, gusa mlango wako kwa mgongo wa mkono, kuanzia chini kwenda juu, kabla hujashika kitasa. Ukiwa baridi, fungua kidogo, nenda chini chini ukamchukue. Ukiwa wa moto, usiufungue hata kidogo: toka au ita kwa dirishani, na kitu cha kwanza utakachowaambia askari kiwe chumba chake kiko wapi, cha ngapi kutoka ngazini, na kwamba mlango wake umefungwa. Tukisikia neno hilo la mwisho tunajua huenda tunamwendea mtoto aliye hai.

Kwa habari ya giza, mwekee taa ndogo ya usiku karibu na kitanda.