Maswali na majibu: Mkopo wa kila siku, kangomba na sanduku la kikoba

Barua za safari hii nyingi zinahusu mtaji, na ukizichambua zinauliza jambo lile lile: hela ikishazunguka mtaani, anabaki nayo nani? Nimechagua chache. Majina nimeyaacha.

Shikamoo dada. Mimi ni mama lishe hapa Mbagala. Nilikopa laki tano kwenye ofisi moja ya mikopo ya mtaani, narejesha 25,000 kila siku kwa siku 26. Siku ya kuchukua walikata 30,000 za fomu na bima. Wamebaki na kadi yangu ya benki na kitambulisho cha NIDA. Wateja ninao, lakini faida siioni. Inakwenda wapi?

Marahaba mdogo wangu. Chukua kalamu tupige hesabu. Mkononi ulipokea 470,000. Utarejesha 650,000. Mkopo huo umekugharimu 180,000 kwa siku 26. Na ukumbuke kwamba hukukaa na ile 470,000 siku zote. Kufikia siku ya 13 ulikuwa umesharudisha 325,000. Kwa hiyo umelipa 180,000 kwa ajili ya hela ambayo kwa wastani haikufika hata laki tatu.

Sasa twende jikoni. Tuseme sahani ya wali maharage unauza 2,000, na ukitoa mchele, mkaa, mafuta na hela ya meza unabaki na 500. Sahani 360 umezipika kwa ajili ya mkopeshaji. Faida yako iko huko.

Watu hawakuita mikopo hii "kausha damu" kwa mzaha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji hawa chini ya Benki Kuu, na Benki Kuu ikaweka kikomo cha riba kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ndiyo maana wajanja wanaificha riba ndani ya "fomu", "bima" na "usumbufu". Kabla ya kuweka saini popote, omba kuona leseni ya Benki Kuu, omba mkataba wa Kiswahili na uondoke na nakala yako. Uliza swali moja tu: nikichukua hiki, jumla narudisha ngapi? Akianza kuzunguka, chukua mkoba wako.

Kadi ya benki na kitambulisho cha taifa havikuwekwa kuwa rehani. Waandikie barua ya kudai virudishwe, tunza nakala yenye tarehe, wakikaidi peleka malalamiko Benki Kuu. Na tafadhali, mkopo huu ukiisha usikubali wakuongezee mwingine juu yake. Hapo ndipo wengi wanapoanza kukopa huku ili walipe kule.

Dada, sisi ni vijana watano hapa Makambako, tunataka ule mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri tufyatue matofali. Kuna jamaa anasema bila andiko la kitaalamu hatupati, na yeye anaandika kwa laki moja na nusu. Tumpe?

Msimpe. Hela hiyo ni tofali tayari. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Kuwasaidia kusajili kikundi na kuandika mpango wa biashara ni kazi anayolipwa mshahara kuifanya. Mkopo wenyewe uko kwenye sheria: kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hauna riba. Si hisani ya diwani wala ya mbunge, hata akija kuukabidhi na kamera.

Mtakutana na masharti mengi, na sababu ipo. Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hii baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuanika vikundi hewa na madeni yasiyorudi, ikaja kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya.

Ninachowaomba ni mwanze kufyatua kabla ya mkopo. Hata tofali mia mbili kwa mashine ya kuazima. Kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo huwa kinakufa siku hela inapoingia, na nyie watano mtabaki mnakwepana sokoni.

Je, ni lazima ninunue sabuni ya kikundi cha mtaani kwetu hata kama haitoi povu?

Hapana. Waambie haitoi povu. Mteja anayenunua kwa huruma hununua mara moja, na kikundi kinabaki kinadhani kimepata soko.

Nipo Newala. Nina milioni tatu nilizopata kwa kuuza kiwanja. Rafiki zangu wananishauri niingie kangomba: masika nawapa wakulima hela, msimu ukifika wananilipa korosho. Wanasema ni kuwasaidia, kwa sababu benki hazifiki huko. Unanishaurije?

Hoja ya benki kutofika nakuachia, ina ukweli wake. Mzee aliyeishiwa unga mwezi wa tatu hawezi kuambiwa asubiri mnada wa mwezi wa kumi. Lakini tuangalie unachomnunulia. Kwa bei ya kangomba utampa shilingi 1,000, ukimwonea huruma 1,500 kwa kilo, na utapima kwa bakuli lako. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo huko kwenu ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mtu amepalilia, amepulizia dawa ya salfa, ameokota mwenyewe jua kali, halafu zaidi ya nusu ya bei inaingia mfukoni mwa aliyekuja na hela wakati wa njaa. Hapana, huko si kumsaidia.

Halafu kangomba ni kosa. Korosho ziliingizwa kwenye stakabadhi ghalani mwaka 2007 kwa sababu hii hii: mkulima apeleke mzigo chama cha msingi cha ushirika, upimwe kwa mzani, uingie ghalani, uuzwe kwa mnada, na hela impate yeye. Mfumo una kero zake. Makato ni mengi na malipo mara nyingine yanachelewa mpaka mtu anajuta, na ucheleweshaji huo ndio unaomlisha mtu wa kangomba. Hata hivyo kumbuka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300. Ulifanyika uhakiki wa mashamba, na waliokuwa na magunia ila hawana mikorosho walikwama nayo.

Milioni tatu zako zina kazi nyingine hapo hapo Newala. Nunua mashine ya kupulizia dawa uikodishe na kijana wa kuiendesha. Msimu wa salfa mikorosho ni mingi kuliko mashine. Au nunua pikipiki ya matairi matatu ubebe mizigo ya wakulima kutoka shambani hadi chama cha msingi kwa nauli ya wazi. Kubangua nako kunavutia, maana sehemu kubwa ya korosho zetu inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam na ajira inaondoka nayo, ila uliza kwanza utaipata wapi malighafi kihalali. Wabanguaji wadogo wengi hukwama hapo, si kwenye mashine.

Na kama kweli unataka kumkopesha mzee unga wa masika, mkopeshe unga. Akulipe bei ya unga na faida ya kawaida ya duka. Korosho zake mwachie.

Asalaam aleikum. Niko Muscat, dada yangu analima mwani Paje na wenzake. Kila mwezi namtumia hela, lakini naona zinaishia kwenye matumizi. Nataka niwasaidie wote wapate mapato yao wenyewe. Nianzie wapi?

Waaleikum salaam. Hela za matumizi endelea kutuma, dada yako bado anakula. Za mwani zitenge mbali, na uzipeleke kwenye kitu cha kushikika.

Kwa wasiojua: mwani wa biashara ulianza kulimwa pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Bahari ikitoka wakati wa bamvua wanakwenda kufunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Kilo saba au nane mbichi, zikikauka, zinabaki kama moja. Wanunuzi huchukua mwani mkavu kwa bei ndogo na kuupeleka nje, unakotolewa uteute unaotumika kwenye vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Aina inayolipa vizuri, cottonii, haivumilii maji ya moto ya siku hizi karibu na ufukwe. Inataka maji ya kina. Kule kunahitajika chombo, na wengi wa hao kina mama hawajui kuogelea.

Kwa hiyo muulize dada yako na wenzake, wakiwa pamoja, kinachowakwamisha zaidi ni chombo au ni kukausha. Kama ni kukausha, chanja za miti ni rahisi kuliko unavyodhani, na mwani wa kwenye chanja hauna mchanga, mnunuzi hapati kisingizio cha kushusha bei. Kama ni chombo, kiandikwe kwa jina la kikundi. Ukikiandika kwa jina lako au la dada yako, miaka miwili baadaye mtakuwa mahakamani. Sabuni ya mwani iwe hatua ya baadaye. Inauzika kwa watalii, lakini inataka vipimo, vifungashio na mtu wa kusimamia soko, na kina mama wanarudi baharini bamvua ikiingia.

Mimi ni fundi seremala, Singida. Ni kweli kuna zabuni za serikali zimetengwa kwa ajili yetu?

Ni kweli. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kama mmo humo, jisajilini kama kikundi, muingie kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni. Ila jiandae: dawati unalipeleka leo, malipo yanaweza kukaa miezi. Usichukue zabuni ya madawati mia kama mbao zake utazikopa kwa kausha damu. Anza na ishirini.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, Kahama, tuko wanawake 25. Mwenyekiti wetu amekopa mara mbili bila kumaliza wa kwanza. Ni mke wa mchungaji wetu, kila mtu anaona haya kusema. Nifanyeje?

Usiseme wewe. Daftari ndilo liseme.

Vikoba vyetu vimetokana na mfumo ulioanzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na tangu mwanzo ulijengwa kwa kutomwamini mtu mmoja. Ndiyo sababu sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na hesabu inafanywa mbele ya wote. Riba ya kikoba ina ladha kwa kuwa inarudi kwenu wakati wa kugawana. Asipolipa mmoja, anakula za wenzake 24.

Mkutano ujao, kabla hamjanunua hisa, omba madeni yote yasomwe kwa sauti, moja baada ya jingine, na anza na la kwako. Soma jina, kiasi, tarehe ya mwisho. Ukifika kwake soma kwa sauti ile ile, usipunguze wala usikohoe. Kisha ulizeni katiba yenu inasema nini kuhusu anayekopa juu ya deni. Kama haisemi, siku hiyo hiyo iandikeni: hakuna mkopo wa pili kabla ya wa kwanza kwisha, na hakuna mkopo unaozidi mara tatu ya hisa za mtu. Mpeni mwenyekiti nafasi ya kupanga tarehe zake za kulipa, ziandikwe, wote msaini. Na kama ufunguo mmoja anao yeye, uhamie kwa mwanachama mwingine mpaka deni liishe.