OPD yetu imefika wapi? Majibu kwa wasomaji

Wiki hii barua karibu zote zinauliza habari za jengo moja: la wagonjwa wa nje, ambalo kila mtu analiita OPD.

Shikamoo mzee. Kwetu wameanza na OPD, na akina mama bado wanakwenda mbali kujifungua. Kwa nini wasianze na wodi ya wazazi?

Marahaba. Ndivyo mpango ulivyoandikwa. Fedha za tozo ya miamala ya simu zilipoanza kushuka mwaka 2021, kila kituo cha afya kilichochaguliwa kilipewa shilingi milioni 250 za awamu ya kwanza: OPD, maabara na kichomea taka. Wodi ya wazazi, upasuaji na jengo la kufulia vikasubiri awamu ya pili. Hoja yao naielewa. OPD ikisimama na maabara ubavuni, mwenye homa anapimwa malaria na kurudi nyumbani na dawa siku hiyohiyo, na wagonjwa wa aina hiyo ndio wengi. Lakini uchungu hausubiri awamu. Kama kuna zahanati jirani inayozalisha, mbaneni diwani: muuguzi wake asihamishiwe kwenye jengo jipya kabla wodi haijafunguliwa.

Jengo limefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, halafu kimya, miezi miwili sasa. Hela zimeliwa?

Huenda. Ila kabla hujamtaja mwizi, ingia stoo. Majengo haya mengi yanajengwa kwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi, vifaa vinanunuliwa kwa fedha za mradi, fundi analipwa ufundi tu, na wananchi wanakaa kwenye kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Kazi ikilala kwenye lenta, mara nyingi inangoja nondo au mbao za kenchi za kubeba paa, ambazo bei imeshaikimbia ile ya kwenye makisio. Au mzabuni anadai. Au ni NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao ulioanza 2023, na huko kwenu mtandao mnaupata mkipanda kichuguu.

Ombeni leja ya stoo kwenye mkutano wa kijiji. Mifuko ya saruji mingapi imeingia, mingapi imetoka, mingapi imebaki. Kisha nendeni mkaihesabu hiyo iliyobaki, mmoja mmoja.

Mimi niliwahi kukaa kwenye kamati ya mapokezi. Lori la mchanga likaja saa tatu usiku, dereva ana haraka, kalamu ameshaitoa yeye. Mzee mwenzangu akapanda juu na tochi. Pembeni mchanga ulikuwa sawasawa na bodi. Katikati palikuwa na shimo la kulala mbuzi. Tukaandika robo tatu. Dereva aliondoka bila kuaga, na lori lililofuata lilikuja mchana, limejaa.

Fundi kamwaga zege la jamvi, yaani la sakafu, Jumatatu, Jumatano hakuna aliyelimwagia maji. Anasema jua litalikausha.

Jua litalipasua. Zege halikauki kama nguo, linakomaa, na linakomaa kwa maji. Limwagiliwe siku 7 walau, asubuhi na jioni, na juu yake mtandaze magunia yaliyolowa. Nguvu yake wahandisi huipima siku ya 28. Vijana wawili na ndoo wanatosha kwa kazi hiyo.

Bati geji 30 na geji 28, ipi nzuri?

28. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Someni maandishi kwenye bati lenyewe, risiti haitoshi.

Tulisomba mawe na mchanga wiki nzima. Inahesabiwa kama mchango wetu au tumejichosha bure?

Inahesabiwa ikiandikwa. Tripu ngapi, bei ya tripu kwenu ni kiasi gani, nani alipokea. Isipoandikwa, mawe yenu yanaweza kununuliwa mara ya pili kwenye karatasi, na ninyi mkiwa mmeyakalia.

OPD yetu imekamilika, imepakwa rangi, wagonjwa hakuna. Mlango una kufuli mwaka mzima. Tatizo nini?

Rangi ndiyo inayowadanganya watu. Wakiiona wanadhani kazi imekwisha. Kituo hakifunguliwi bila kusajiliwa na kupewa namba yake. Bila hiyo hata dawa za MSD, bohari ya dawa ya serikali, haziletwi kwa jina lake. Wanahitajika mganga, muuguzi na mtaalamu wa maabara, na nyumba ya kuishi angalau mmoja wao. Unahitajika umeme wa kuendesha friji la chanjo na hadubini.

Na maji. Pita nyuma ya jengo utazame. Mara nyingi utakuta mnara wa tenki upo na tenki lipo juu yake, ila bomba la kulijaza limeishia kwenye majani, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Anza kuuliza hapo, na umuulize mtendaji wa kata kwa barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.