Wasomaji Wanauliza: Hivi Vyombo vya Anga Makumbusho Ni Vyenyewe au Kopi?

SWALI: Habari mhariri. Nimeona picha za makumbusho ya anga ya Smithsonian kule Washington, kuna chombo cha miguu minne cha kutua mwezini kimesimama ukumbini. Mbona tunaambiwa Eagle ya akina Armstrong haikurudi? Ile ni sanamu au vipi?

JIBU: Sio sanamu ndugu yangu. Ile inaitwa LM-2, imetoka kiwanda kile kile cha Grumman kilichotengeneza Eagle, na ilikuwa irushwe bila watu kwenda kujaribiwa kwenye mzunguko wa dunia, ila jaribio la kwanza la Januari 1968 likaenda vizuri wakaona la pili halina haja, basi ikabaki hapa chini, ikatumika kwenye majaribio ya kuangushwa ili waone kama miguu inahimili kishindo, baadae wakaipamba ifanane na Eagle. Eagle yenyewe nusu ya chini ipo mwezini mpaka leo, ile nusu ya juu waliiachia huko huko Armstrong na Aldrin walipomfikia mwenzao Collins aliyekuwa anawasubiri akizunguka Mwezi.

Na vitu vingi vya anga za juu viko hivo, vilivyoenda havikurudi. Sputnik, ile satelaiti ya kwanza ya Warusi, ilirushwa 4 Oktoba 1957 ikaungua Januari 1958, kwahiyo kila Sputnik unayoiona imening'inia mahali ni kopi, ila Smithsonian wana kipini kidogo cha chuma ambacho kilikuwa kinazuia umeme wa betri usifike kwenye redio, kikachomolewa kabla ya safari, na hicho kipini ndo kipande cha Sputnik yenyewe kilichobaki. Watu wanakipita bila kukitazama, inaniuma kwa kweli. Skylab nayo, kituo cha anga cha Wamarekani, ile iliyoruka ilianguka Julai 1979, vipande vikatawanyika Australia Magharibi na vingine utavikuta makumbusho ya mji wa Esperance, wakati ile kubwa ya Washington ambayo watu wanaingia mpaka ndani ni ya spea, ilijengwa iweze kuruka.

Mimi spea naiheshimu sana, ni kazi ya kweli ya mafundi wa kweli. Kopi pia haina ubaya ili mradi kibao kiseme wazi kwamba ni kopi.

Sasa ukitaka kilichoenda na kurudi, tafuta Columbia, kile chumba cha Apollo 11 walichorudi nacho baharini Julai 1969. Mwaka 2016 walikipiga picha za 3D ndani kote wakakuta maandishi ya mkono ukutani, namba za mahesabu, onyo kuhusu taka zinazonuka, na kalenda ndogo ambayo kila siku imewekwa alama ya X isipokuwa siku ya kutua duniani. Miaka zaidi ya arobaini kimekaa mbele za watu na hayo maandishi yapo tu hayaonekani! Hakuna kopi itakayokupa kitu kama hicho, maana anayetengeneza kopi anaiga anachokijua tu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi. Nimesikia suti ya Neil Armstrong iliwahi kutolewa ukumbini miaka mingi. Iliharibika?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ilikuwa inaharibika, ndio, japo kwa macho usingejua. Ile suti ilishonwa ili imlinde mtu safari moja, sio ikae miaka hamsini, na ndani kuna mpira ambao kadri unavyozeeka unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka, alafu unatoa gesi zinazokula vitu vingine vilivyo karibu, zipu na vyuma vyote. Ukiongeza mwanga wa taa, joto na unyevu ndo unaharakisha. Wakaitoa 2006. Mwaka 2015 wakachangisha pesa kwa umma, zikapatikana zaidi ya dola 700,000, na Julai 2019 ikarudi ikiwa imevalishwa mwili maalumu unaopitisha hewa kwa ndani ili zile gesi zisikae, ndani ya kabati la vioo lenye mwanga hafifu. Hawakuifanya mpya, na hapo nawapongeza sana, kwasababu kwenye kitambaa bado kuna vumbi la Mwezi na ukiisafisha ing'ae umefuta ushahidi.

Ila kuna jambo wengi hawalijui, vile viatu vya juu vilivyoacha nyayo mwezini havipo kwenye hiyo suti. Waliviacha huko kupunguza uzito. Vya Cernan wa Apollo 17 ndo vilirudi, na vimehifadhiwa.

SWALI: Ndege ya kina Wright, wale ndugu wawili wa Marekani walioruka kwanza kwa ndege ya injini, ilienda kufanya nini London, na kitambaa chake ni kile kile cha 1903?

JIBU: London ilipelekwa kwa hasira. Smithsonian walikuwa wanasema ndege ya Langley, aliyekuwa bosi wao, ndo ya kwanza iliyokuwa na uwezo wa kuruka, wakati ilitumbukia mtoni Potomac Desemba 1903, siku chache tu kabla ya akina Wright kuruka, na walipoirusha kidogo 1914 ilikuwa imeshabadilishwa badilishwa. Orville Wright akachoka akaipeleka ndege yake makumbusho ya Science Museum kule London mwaka 1928. Smithsonian walikuja kukiri 1942, ndege ikarudi na kukabidhiwa kwao rasmi Desemba 1948, Orville alishafariki Januari ya mwaka huo huo. Kuona ikirudi hakuona, na kwangu hilo ni deni.

Kitambaa sio kile. Kilibadilishwa 1927 kabla ya kwenda London na tena 1985, lakini mbao nyingi ni zile zile. Vipande vya kitambaa cha zamani vilitunzwa, kimoja Armstrong alikipeleka mwezini pamoja na kipande cha mbao ya pangaboi, na kingine kidogo kabisa kipo Mars kimefungwa kwenye helikopta ya Ingenuity iliyoruka Aprili 2021. Kwahiyo ukisimama mbele ya ndege yoyote ya zamani soma kibao, na kama hakisemi nini kimebadilishwa na lini, muulize mhudumu, wahifadhi huwa wanaandika kila nati waliyoigusa na hizo rekodi zipo.